Kuendesha Shindano la Mdahalo: Kuanzia Mada Hadi Alama

Midahalo mingi ya shule huharibika kabla mtu hajafungua kinywa, na kosa huwa kwenye mada. "Umuhimu wa usafi" haina mpinzani. Chagua mada inayodai jambo lifanyike, kwa mfano "Kazi za nyumbani zifutwe." Ipime kwanza: mpe mwanafunzi mmoja dakika 5 aandike hoja tatu za kila upande. Akikwama upande mmoja, itupe.

Tangaza mada wiki moja kabla, lakini rusha sarafu ya kugawa pande siku moja tu kabla ya shindano. Watalalamika, na ndivyo watakavyolazimika kuzijua pande zote mbili.

Kila timu iwe na wasemaji watatu, dakika 4 kila mmoja, wakipokezana, watetezi wakitangulia. Mwishoni kila upande unafunga kwa dakika 2, wapinzani wakianza, na anayefunga awe msemaji wa kwanza au wa pili. Mtunza muda, ambaye asiwe mwamuzi, apige kengele mara moja dakika ya 3 na mara mbili dakika ya 4. Zikipita sekunde 15 zaidi, msemaji aketishwe.

Sasa, msemaji wa tatu. Huyu hana hotuba. Kazi yake ni kujibu. Akisimama na karatasi aliyoiandika jana usiku na kuikariri, timu imekwisha. Mfundishe kuandika hoja anazozisikia hivi: laza karatasi kwa upana, igawe safu wima sita, moja kwa kila msemaji. Kila hoja iandikwe kwa maneno matatu au manne, si sentensi. Hoja ikijibiwa, vuta mshale hadi kwenye jibu. Hoja ya timu nyingine isiyo na mshale ndiyo ya kuanza nayo, kwa maneno haya: "Wamesema… Si kweli, kwa sababu…"

Waamuzi wawe watatu. Wakiwa wawili tu, wakitofautiana hakuna wa kuamua. Alama 40 ziende kwa hoja, 40 kwa uwasilishaji, 20 kwa mpangilio na matumizi ya muda. Kila mwamuzi ajaze fomu peke yake, aikabidhi, ndipo wazungumze. Wakianza kwa mazungumzo, mwenye cheo kikubwa huwavuta wengine.

Makofi ya ukumbi yasihesabiwe hata kidogo, la sivyo mshindi atakuwa darasa lenye wanafunzi wengi.