Jinsi ya Kuchagua Pikapu Mpya ya Gitaa la Stili la Pedali

Gitaa la stili la pedali hulazwa mbele ya mpigaji na kupigwa kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku pedali zake zikibadilisha noti. Kabla ya kulinunulia pikapu mpya (hapa si gari, bali kile kifaa cha sumaku na koili kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme), hakikisha kwanza kwamba iliyopo ndiyo yenye kasoro. Funga nyuzi mpya, kisha chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya bila kupitia pedali ya sauti (ile ya kando inayokanyagwa kuongeza au kupunguza sauti). Sauti ikichangamka kidogo tu, hilo ni la kawaida, kwa sababu potenshiometa ya pedali hiyo (kikinza kinachorekebisha ukubwa wa sauti), ambayo aghalabu huwa ya kilo-omu 500 (kilo-omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), hupunguza makali ya noti za juu. Lakini mikwaruzo ikitoweka kabisa, basi kinachohitaji kubadilishwa ni potenshiometa hiyo.

Kasoro ikibaki, itaje waziwazi. Je, uzi wa tatu, ambao katika mpangilio wa E9 (mojawapo ya namna za kupanga noti za nyuzi za gitaa hili) ndio wenye noti ya juu kuliko zote, unachoma sikio? Je, uzi wa kumi unavurugika unapopigwa pamoja na mingine? Au kinachokera ni mvumo wa umeme tu? Pikapu ya koili moja hutoa sauti angavu yenye mwanzo mkali wa noti, ila hunasa mvumo wa waya na transfoma zilizo karibu. Hambaka ina koili mbili zilizounganishwa ili mvumo wa moja ufute wa nyingine, na kwa kawaida sauti yake huwa nene na laini zaidi. Kwa anayepiga kwenye kumbi zenye taa nyingi, mimi ningeanza na hambaka.

Wauzaji hupenda kutaja kilo-omu, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Pikapu za koili moja za stili mara nyingi hufika kilo-omu 17 hadi 20, ilhali zile za gitaa la kawaida huwa karibu na 6 au 7. Hata hivyo, ukinzani huongezeka pia waya unapokuwa mwembamba, hivyo pikapu mbili zenye namba ileile zinaweza kutofautiana kabisa kwa sauti ikiwa waya, sumaku au umbo la koili havifanani. Namba hiyo inalinganishika tu kati ya pikapu za muundo mmoja, ambapo mizunguko mingi zaidi humaanisha nguvu zaidi, huku makali ya noti za juu yakipungua kidogo.

Vipimo vya mwili wa pikapu ndivyo visivyosamehe. Pima, kwa milimita, umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa mwisho, na upime palepale pikapu inapokaa, si kwenye kichwa cha gitaa. Kisha pima urefu, upana na kina cha nafasi yake, pamoja na umbali kati ya matundu ya skrubu, kwa kuwa ziko pikapu za mkao mpana na za mkao mwembamba. Niliwahi kuagiza moja kwa kuhesabu nyuzi tu: ilikuwa ya nyuzi kumi kweli, lakini vichwa vya sumaku vya pembeni vilikaa nje ya nyuzi zake, na uzi wa kwanza ukawa unasikika kama uko chumba cha pili.

Ukishailehemu, gusa nyuzi: mvumo ukiongezeka badala ya kupungua, kagua kama waya wa ardhi na wa mawimbi (unaobeba sauti) zimebadilishana. Anza kwa kuacha kama milimita 3 au 4 kati ya pikapu na nyuzi, kisha uipandishe robo mzunguko wa skrubu kwa wakati mmoja, ukisawazisha upande wa besi na upande wa noti za juu. Noti ndefu ikianza kufa mapema, au ukisikia inayumba ilhali mkono umetulia, sumaku imekaribia mno. Irudishe chini nusu mzunguko.