Somo: Mmumunye mwitu, au wa nyumbani uliotoroka?

Waungwana, masika imekolea na kingo za njia ya Pangani, pembeni mwa mikonge, zimefunikwa na mitambaa. Wiki hii nimeletewa matunda ya mviringo mara tatu, kila mleta akiapa kapata mmumunye mwitu. Tunda lisikuhadae, mumunye la nyumbani lenyewe lina sura mia.

1. Ua. La njano liache: dodoki, tango, karela, boga. (Asili ya boga ni bara la Amerika na ndugu zake wa porini wako huko huko, usihangaike kuwatafuta Muheza.) Tunataka jeupe.

2. Vikono vya kujishikiza. Vya mmumunye vina ncha mbili. Kikiwa na ncha moja, na vitunda vya kidole vikiiva vyekundu, hiyo ni Coccinia, mmea mwingine wa jamii hii.

3. Jani. Linapokutana na kikonyo pana vitezi viwili kama vichwa vya pini. Sasa papasa. La nyumbani ni laini kama mahameli, halikukatika sana. La Lagenaria sphaerica, mmumunye mwitu wetu, linakwaruza na limechanika kama kiganja.

4. Hapa ndipo penye jibu. Wa nyumbani hubeba maua dume na jike kwenye shina moja. Wa mwitu, mmea dume ni mbali, jike mbali. Ua jike lina kijitunda chini ya petali. Fuata mtambaa mpaka shinani! Mimi niliwahi kuona miwili iliyosukana nikadhani mmoja, nikatangaza kinyume. Aibu.

Maswali

— Shikamoo mwalimu. Wangu umeota jalalani, una dume na jike, tunda chungu. Ni mwitu?
Marahaba. La, umetoroka shamba. Uchungu si kipimo, vibuyu vingi vya maji ni vichungu. Ila usile: kukurbitasini, ile sumu inayotia uchungu, haiondoki kwa kupikwa, utatapika na kuhara.

— Jirani kapanda vibuyu vichungu. Mamumunye yangu yataharibika?
Ya msimu huu hapana. Nyama ya tunda hufuata mama. Mbegu zake ndizo za kuogopa, maana vibuyu na mamumunye ni aina moja na wadudu hawajui mpaka. Ua la mbegu lifunge uzi kabla halijafunguka jioni, lichavushe kwa mkono, ulifunge tena.

— Na kiangazi, maua hakuna?
Tazama shina. Wa nyumbani hufa mwaka ule ule. Wa mwitu huchipua tena.