Tiba ya homoni hedhi ikikoma: jinsi ya kuchuja unachoambiwa

Wengi wenu mmeshatumiwa ile sauti ya WhatsApp: homoni za hospitali zinaleta kansa, kunywa unga huu usafishe kizazi. Leo tujifunze kuzipima habari za namna hiyo. Kutumia tiba ya homoni, yaani dawa za kupunguza shida za hedhi kukoma, au kutotumia ni uamuzi wako na daktari wako, mimi simo.

Hatua ya 1: Jijue kwanza. Hedhi huhesabiwa imekoma ukitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, bila sababu nyingine. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Andika kwenye daftari: siku ya mwisho ya hedhi, joto linalokupanda usiku, usingizi, ukavu ukeni, dawa unazomeza, na kama umetolewa mfuko wa uzazi. Hilo la mwisho ni kubwa. Mwenye mfuko akipewa estrojeni (homoni ya kike inayopungua hedhi ikikoma) peke yake, ukuta wa ndani unaweza kunenepa hadi kuzaa saratani, ndiyo maana huongezewa projesteroni, homoni nyingine inayoulinda ukuta huo. Aliyetolewa mfuko kwa kawaida hahitaji nyongeza hiyo. Makala isiyowatenganisha hawa wawili, achana nayo.

Hatua ya 2: Anzia kwa wasiouza kitu. Shirika la Afya Duniani, NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) na British Menopause Society, chama cha Uingereza cha wataalamu wa kukoma hedhi, wana kurasa za bure. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayowaandikia madaktari miongozo ya tiba, ulitoka 2015 na kuhuishwa 2024. Ni Kiingereza, basi kaa na binti yako mzisome pamoja, naye zitamfaa. Tazama tarehe ya ukurasa.

Hatua ya 3: Fuata habari ya kansa hadi ilikotoka. Mara nyingi utaishia kwenye utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Mwaka 2002 sehemu ya waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na projestini (projesteroni ya kutengenezwa) ilisimamishwa kabla ya muda, na magazeti yakatangaza kuwa saratani ya matiti imepanda kwa asilimia 26. Kweli ilipanda. Ila kwa vichwa vya watu, ni wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, si mama wa 50 anayelowa jasho usiku. Na waliotolewa mfuko wakatumia estrojeni pekee? Walipofuatiliwa kwa miaka mingi, saratani ya matiti ilikuwa chache kwao kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hilo sauti ya WhatsApp hailisemi.

Hatari ipo, na kwa dawa za mchanganyiko huongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyokwenda. Vidonge pia huongeza uwezekano wa damu kuganda. Vibandiko na jeli za ngozi, kwa dozi za kawaida, havijaonyesha hivyo. Kwa hiyo ukisikia lolote uliza: wanawake gani, umri gani, dawa gani, wangapi kati ya wangapi?

Hatua ya 4: Soma boksi. Unga usiotaja kiambato wala usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au wa Bodi ya Famasia na Sumu kwa walio Kenya, haustahili hela yako.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Nina miaka 49, joto linanisumbua. Nimeambiwa nipime homoni kwanza.*

Marahaba, mdogo wangu. NICE wanasema aliyevuka 45 mwenye dalili kama zako hahitaji kipimo hicho; homoni wakati huu hupanda na kushuka. Hela hiyo kapime presha na sukari. Aliye chini ya 40 ndiye anayehitaji vipimo, na asichelewe.

*Mume wangu anasema sasa tuache uzazi wa mpango.*

Mwambie asubiri. Kama hedhi ya mwisho uliiona kabla ya kufika 50, endeleeni miaka miwili; kama ni baada ya hapo, mwaka mmoja. Tiba ya homoni haizuii mimba.

*Nilikoma miaka mitatu iliyopita, juzi nimeona tone la damu. Imerudi?*

Haijarudi, na usisubiri tone la pili. Nenda kwa daktari wa wanawake wiki hii hii. Atakufanyia ultrasaundi, na pengine achukue kinyama kidogo cha ukuta wa mfuko kikapimwe. Mara nyingi huwa si saratani, lakini lazima iangaliwe. Nenda na daftari lako.