Namna ya Kuendesha Mdahalo Kuhusu Gemu Bora Zaidi ya Mashine za Sarafu

Watu wanne wanapobishana kuhusu gemu bora ya mashine za sarafu, yaani gemu za video zilizochezwa kwa kutumbukiza sarafu kwenye kumbi za michezo, mara nyingi huwa wanabishana kuhusu mambo manne tofauti. Mmoja anatetea gemu iliyotangulia nyingine, wa pili anatetea ile iliyowatajirisha watengenezaji wake, wa tatu anatetea ile aliyoicheza utotoni, na wa nne ndiye pekee anayezungumzia uchezaji wenyewe. Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya mwenyekiti wa mdahalo ni kuwakubalisha washiriki kipimo kimoja kabla jina la gemu yoyote halijatajwa. Kipimo ninachokipendekeza ni kwamba mashine ihukumiwe kama mashine, yaani kwa kile ilichompa mtu aliyesimama mbele yake akiwa na sarafu moja mkononi, na kwa jambo lililomfanya atafute sarafu ya pili.

Kipimo kikishakubaliwa, wekeni mipaka ya miaka. Historia ya kibiashara ya mashine hizi inaanza na Computer Space ya mwaka 1971, na inapata nguvu kwa Pong, iliyotengenezwa na Allan Alcorn katika kampuni ya Atari mwaka 1972. Hata hivyo, wanaojadili gemu za zamani hupenda kuanzia Space Invaders ya mwaka 1978 na kuishia mwaka 1983 hivi. Mpaka huo una mantiki, lakini unaziacha nje Gauntlet ya mwaka 1985, OutRun ya mwaka 1986 na, jambo lililo zito zaidi, Street Fighter II ya mwaka 1991, gemu ya watu wawili kupigana. Mimi ningeusogeza mpaka hadi mwaka 1991, kwa kuwa bila Street Fighter II mdahalo hugeuka kuwa sherehe ya Pac-Man, gemu ya kula vidoti ndani ya mzingile huku ukikimbia vizuka. Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, kwa upande mwingine, ingebaki nje: Alexey Pajitnov aliibuni kwenye kompyuta huko Moscow mwaka 1984, na toleo la Atari la mashine za sarafu lilikuja mwaka 1988, kwa hiyo ilifika kwenye kumbi ikiwa mgeni mwenye sifa alizozipata kwingine.

Toleo gani linahukumiwa?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawakuzifahamu gemu hizi kwenye kumbi zenye mashine, bali sebuleni, kupitia vifaa vya bei nafuu vya kaseti vilivyoiga Famicom, kifaa cha Nintendo cha kuchezea gemu nyumbani, ambavyo kaseti yake moja ilijigamba kuwa na mamia ya gemu. Baadhi ya zilizokuwamo zilikuwa nakala zilizopunguzwa. Donkey Kong ya mashine, iliyotoka mwaka 1981, ina hatua nne: ile ya mapipa yanayobingirika, ile ya mikanda inayosafirisha saruji, ile ya lifti, na ile ya kung'oa misumari ili sokwe aanguke. Toleo la Famicom la mwaka 1983 liliiacha hatua ya mikanda. Mtu aliyeicheza ya sebuleni peke yake anaweza kuilaumu Donkey Kong kwa ufinyu usiokuwa wake, na mwenyekiti anapaswa kumrudisha kwenye mashine kwa upole.

Njia rahisi ya kurekebisha hali hiyo ni kuzicheza gemu zinazoshindaniwa kwa programu ya kuigiza mashine, kama vile MAME, ambayo ilianzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997 na ambayo huendesha programu ileile iliyokuwa ndani ya kabati la mbao. Wanaojali sheria ya hakimiliki wanunue mikusanyiko rasmi ambayo kampuni zenyewe huitoa. Lakini kumbukeni kile ambacho programu haiwezi kukurudishia. Centipede na Missile Command zilichezwa kwa mpira unaozungushwa kwa kiganja, na kuzicheza kwa vitufe vya kibodi ni kucheza gemu nyingine kabisa. Asteroids ya mwaka 1979 ilitumia skrini ya vekta, ambayo huchora mistari moja kwa moja kwa mwale wa elektroni, na risasi zake zilimetameta kwa ukali ambao skrini ya kawaida haiufikii. Pac-Man ndiyo inayovumilia uhamisho vizuri zaidi, kwa maana inahitaji kijiti cha kuelekeza pande nne tu na hakuna kitufe cha kubonyeza wakati wa kucheza.

Namna ya kujenga hoja

Kila mshiriki achague mashine moja ya kuitetea na apewe dakika tatu, kwa sharti kwamba kila dai lake lielekeze kwenye jambo linaloonekana au kusikika mashine inapochezwa. "Inaburudisha" si hoja. Hoja ni kuonyesha kwamba katika Space Invaders, ambamo mchezaji hufyatulia safu za maadui wanaoshuka, maadui waliobaki hukimbia zaidi kadiri wenzao wanavyopungua, na kwamba sauti nne nzito zinazorudiwa huharakishwa pamoja nao, hivyo mchezaji anayeshinda ndiye anayezidi kubanwa. Mtetezi hodari ataongeza chanzo chake: prosesa ya mashine ilikuwa dhaifu, ikamudu kuwachora maadui wachache haraka kuliko wengi, na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alipoliona jambo hilo aliamua kuliacha kwa sababu liliongeza ladha. Hapo msikilizaji amepata kitu cha kukipima.

Pac-Man inahitaji mtetezi mvumilivu, kwa sababu umaarufu wake umeficha ustadi wake. Toru Iwatani na wenzake wa Namco, mwaka 1980, waliwapa vizuka vinne tabia nne tofauti. Chekundu humfuata mchezaji moja kwa moja. Cha waridi hulenga mahali palipo mbele yake ili kumkata njia. Cha samawati hupiga hesabu inayotegemea mahali kilipo chekundu. Na cha rangi ya chungwa husogea karibu, kisha kikishafika jirani hukimbilia kwenye pembe yake. Hakuna kizuka chenye akili nyingi, ila vinne kwa pamoja humfanya mchezaji aamini kwamba anawindwa kwa mpango. Mtetezi akieleza hayo huku mwenzake akicheza, hoja itasimama yenyewe bila kutaja bidhaa zilizouzwa kwa jina la gemu hiyo.

Pingamizi nayo ipewe nafasi iliyo sawa, na pingamizi nzuri hutoka ndani ya mashine ileile. Vizuka vya Pac-Man vinafuata kanuni zisizobadilika, kwa hiyo mchezaji aliyekariri njia anaweza kuirudia kila siku na kupata matokeo yaleyale, mpaka afike hatua ya 256, ambapo kihesabio cha hatua hufurika na nusu ya skrini hujaa herufi zisizo na maana. Ms. Pac-Man ya mwaka 1982 ililiponya tatizo la kukariri: ina mizingile minne badala ya mmoja, matunda yanayotembea, na bahati nasibu kidogo katika mwendo wa vizuka. Kwa kipimo tulichokiweka, naona vigumu kumtetea mzazi dhidi ya mtoto, ingawa heshima ya kutangulia itabaki kwa mzazi daima.

Donkey Kong mara nyingi hutetewa vibaya, kwa kusimulia tu jinsi ilivyozaliwa. Ni kweli kwamba kampuni ya Nintendo ilikuwa na makabati yapatayo 2,000 ya Radar Scope, gemu yake ya awali, yaliyododa Marekani, na kwamba kijana Shigeru Miyamoto alipewa kazi ya kubuni gemu ya kuyaokoa. Ni kisa kizuri, lakini mchezaji mwenye sarafu hakijui na hakimhusu. Hoja yenye nguvu ni kwamba kila hatua ilileta hatari ya aina mpya badala ya kuiharakisha ileile, na kwamba kisa cha seremala anayemfuata sokwe kilieleweka bila neno hata moja.

Upande wa gemu ngumu, Defender ya mwaka 1981 yenye kijiti na vitufe vitano itawapata mashabiki wachache lakini wakali, ilhali Robotron: 2084 ya mwaka 1982 ni rahisi zaidi kuitetea: kijiti kimoja cha kutembea, kingine cha kufyatua, basi. Zote mbili zina mkono wa Eugene Jarvis. Frogger, Joust na Q*bert zina haiba, ila sijawahi kusikia hoja iliyozifikisha fainali.

Street Fighter II ya Capcom inastahili dakika za ziada kwa sababu inakivuruga kipimo chetu. Inaweza kuchezwa dhidi ya mashine, lakini utamu wake uko kwa mtu aliyesimama kando yako, na katika hilo iko karibu na bao kuliko ilivyo karibu na Pac-Man: ubao ni uleule, kinachobadilika ni mpinzani. Mwenyekiti aamue mapema kama ustadi wa mpinzani wa kibinadamu utahesabiwa kuwa sifa ya mashine. Kwa maoni yangu uhesabiwe, maana wahusika wake wanane, vitufe vyake sita na mapigo yake ya mfululizo ndivyo vilivyompa mpinzani huyo lugha ya kushindania.

Hoja za kukataliwa

Zipo hoja ambazo mwenyekiti anapaswa kuzikata mara moja. Hekaya kwamba Space Invaders ilisababisha uhaba wa sarafu za yeni 100 nchini Japani imerudiwa mno bila uthibitisho wa kuridhisha, na hata kama ingekuwa kweli ingeonyesha wingi wa wachezaji tu. Orodha ya heshima ya jumba la makumbusho la The Strong lililoko Rochester, New York, nayo hutajwa kama hukumu ya mwisho. Iliingiza Pong na Pac-Man mwaka 2015, Space Invaders mwaka 2016, Donkey Kong na Street Fighter II mwaka 2017, lakini haikuzipanga kwa daraja, na inaangalia pia umaarufu, uhai mrefu na athari kwa gemu nyingine. Hivyo ni ushahidi wa uzito wa kihistoria, si wa utamu wa sarafu moja.

Kupiga kura

Msipige kura ya kunyoosha mikono kwa gemu zote kwa pamoja, kwa sababu Pac-Man itapata kura za walioichagua kwa kutokumbuka nyingine. Zipangeni mbilimbili: gemu sita huzaa jozi 15, ambazo zinaweza kumalizwa kwa jioni moja, ilhali nane huzaa jozi 28 na kuwachosha watu. Kila jozi iulizwe swali moja tu, kwamba sarafu ya mwisho ingeingia kwenye mashine ipi, na aliyepiga kura atoe sababu kwa sentensi moja. Itakayoshinda jozi nyingi ndiyo bingwa. Zikilingana mbili, matokeo ya jozi iliyozikutanisha ndiyo yaamue.

Kura yangu ningeipa Ms. Pac-Man. Anayetaka kunipinga aanze na Robotron, kwa kuwa ndiyo pekee inayonifanya nisite: haina mzingile wa kujificha, haina njia ya kukariri, na mchezaji anapokufa hana wa kumlaumu isipokuwa mikono yake miwili.