Somo: Tuchore chumba cha chini cha Wajerumani, Somme 1916

Leo ni mchoro mmoja tu, wa Vita vya Kwanza vya Dunia kule Somme, Ufaransa. Ukiupatia, utaelewa kwa nini Waingereza walipoteza watu 57,470 siku ya tarehe 1 Julai 1916, na 19,240 kati yao wakafa. Chukua karatasi na rula. Sentimita moja ni mita moja.

1. Chora mstari wa ardhi. Mwingereza yuko kushoto. Katikati weka handaki lenye kina cha mita 2.

2. Mlango. Hapa wengi wanakosea, kwa hiyo twende taratibu. Mlango unakaa kwenye ukuta wa kushoto wa handaki, upande wa adui, na ngazi zinashuka kumwelekea. Fikiria kombora linavyokuja kutoka kushoto: mlango umeligeuzia mgongo, basi linapita juu. Waingereza walipoteka mahandaki hayo, milango ileile ikawa inatazamana na mizinga ya Wajerumani.

3. Teremsha ngazi kwa mshazari hadi mita 8 chini ya ardhi. Hapo chora chumba: mihimili ya mbao, vitanda vya deka vya waya, jiko dogo.

4. Pembeni chora ramani ya kutoka juu, yenye ngazi mbili zinazokutana chumbani. Mlango mmoja ukifukiwa, watu watokee wa pili.

5. Udongo uache mweupe. Ardhi ya Somme ni chokaa laini, sururu inaingia na ukuta unasimama.

Sasa tazama mchoro wako. Mizinga ya Waingereza ilipiga siku saba, karibu makombora milioni 1.5, na mengi hayakuweza kufika kina hicho. Wajerumani walikaa humo gizani, hawalali, chakula na maji hayafiki. Saa 1:30 asubuhi mizinga ikaanza kulenga mistari ya nyuma ya Wajerumani, Waingereza wakatoka. Waliokuwa chini wakapanda ngazi mbio wakiwa na rashasha zao, na wengi wakawahi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, gesi ya sumu haikuwafuata humo chini?
Iliwafuata, kwani ni nzito kuliko hewa. Ndiyo maana mlangoni waling'iniza blanketi lililoloweshwa dawa. Swali zuri, liongeze kwenye mchoro.

Na Ypres, kule Ubelgiji, walichimba hivihivi?
Kule maji yako karibu mno na uso wa ardhi. Wajerumani wakajenga vibanda vya zege juu ya ardhi. Baadaye Waingereza walichimba vyumba virefu kwenda chini kwenye mfinyanzi, lakini pampu hazikupumzika.

Shikamoo mwalimu. Huku kwetu hayakuwapo?
Marahaba. Vita vya huku Afrika Mashariki vilikuwa vya kutembea, majeshi yakifukuzana kwa miezi, wapagazi wakibeba mizigo na kufa kwa maelfu. Lakini mahandaki yalikuwapo. Pale kilima cha Salaita, karibu na Taveta, mahandaki ya Wajerumani na askari wao yalikuwa chini, miguuni pa kilima. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, na Waafrika Kusini waliotumwa kushambulia wakarudishwa nyuma.