Nyumba ya hifadhi Uingereza ikiharibika: jinsi ya kulalamika mpaka mkandarasi awajibike

Mama mmoja wa Uvira, mashariki mwa Congo, anayeomba hifadhi Uingereza na kukaa nyumba aliyopangiwa na serikali, alinipigia simu, ana mtoto wa miezi saba. Nilipofika kwake hakunikaribisha hata kuketi. Alinishika mkono, akanipeleka chumbani, akavuta kitanda cha mtoto kutoka ukutani. Nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, na godoro la mtoto upande ule lilikuwa limelowa. "Yaya, nilimwambiaka mara tatu," akasema, akanionyesha WhatsApp yake na msimamizi wa nyumba: picha tatu, tiki za buluu, na jibu moja tu la kidole gumba. Nilipoulizia kwenye kampuni inayosimamia nyumba, nikaambiwa anwani ile haina tatizo lolote lililoripotiwa.

Kwenye kompyuta yao ilikuwa kweli. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Serikali ya Uingereza inawapima wakandarasi, yaani kampuni inazozilipa kuwapa waomba hifadhi makazi ya nyumba na hoteli, kwa taarifa zilizoandikishwa. Uliyomwambia msimamizi mlangoni, uliyomlilia mlinzi wa hoteli, uliyotuma WhatsApp, yote hayo yanaweza yasihesabiwe popote, na mkandarasi akalipwa kana kwamba umelala pakavu.

Kwanza niondoe hofu, kwa sababu ndiyo inayowanyamazisha wengi. Kulalamikia nyumba hakugusi ombi lako la hifadhi. Anayeamua kesi yako hatazami kama uliripoti bomba linalovuja. Nimewasikia watu wakitishwa na wasimamizi kwamba "ukisema sana utarudishwa". Ukiambiwa hivyo, andika tarehe, saa na maneno yenyewe, maana kitisho hicho nacho ni jambo la kulalamikia.

Hatua ya 1: Jua nani anawajibika kwa nani

Anayelipa ni Home Office, yaani Wizara ya Mambo ya Ndani. Tangu Septemba 2019 imewapa kazi wakandarasi watatu kwa mikataba ya miaka 10. Serco wana Kaskazini Magharibi, Midlands na Mashariki mwa England. Mears wana Scotland, Ireland Kaskazini, Kaskazini Mashariki na Yorkshire. Clearsprings Ready Homes wana Wales na kusini mwa England, London ikiwemo.

Chini yao wapo wakandarasi wadogo, na chini ya hao wapo wenye nyumba na wenye hoteli. Machi 2025 serikali ilitangaza kuiondoa Stay Belvedere Hotels, iliyokuwa ikiendesha hoteli 51 chini ya Clearsprings. Wengi walioishi humo hawakuwahi kulisikia jina hilo. Kwa hiyo usipoteze nguvu kumsaka mwenye jengo. Mkandarasi mkuu ndiye wa kukujibu wewe, na Home Office ndiyo ya kumbana yeye.

Fedha nazo zipo. Mei 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kwamba mikataba hii, iliyokadiriwa mwanzo kugharimu pauni bilioni 4.5, sasa inatazamiwa kufikia bilioni 15.3 kwa miaka yote 10. Ukiambiwa hakuna bajeti ya fundi, kumbuka tarakimu hizo.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla ya kupiga simu

Piga picha ya karibu na ya mbali. Ya karibu inaonyesha tatizo, ya mbali inaonyesha ni chumba gani. Maji yakidondoka, chukua video fupi. Weka daftari moja tu, la shule linatosha, uandike tarehe, saa, nani alikuja na alisema nini. Kama mtoto anakohoa, mpeleke kwa daktari, umwombe aandike kwamba anaishi kwenye unyevu na ukungu. Barua ya daktari ina uzito ambao picha zako ishirini hazina.

Hatua ya 3: Pata namba ya kumbukumbu

Hatua hii ndiyo roho ya yote. Piga Migrant Help, 0808 8010 503. Ni bure na ipo saa 24. Shirika hili lina mkataba wake na Home Office, tofauti na wa wenye nyumba, na ndilo linalopokea taarifa na kuzipeleka kwa mkandarasi. Unaweza kusubiri muda mrefu kwenye laini, basi weka simu kwenye chaji, uwashe spika, uendelee kupika.

Akipokea mtu, sema "Swahili" ukae kimya. Atakutafutia mkalimani. Ndugu zangu wa Congo, semeni wazi kwamba mnataka wa Kiswahili cha Congo. Mama yetu wa Uvira alisema maji yanatoka kwenye plafon karibu na robine ya juu, na mkalimani, mtu wa pwani, akakwama. Ilibidi nidakie: dari, bomba. Ningekuwa sipo, fomu ingejazwa kwa kubahatisha. Usipoelewana na mkalimani, omba abadilishwe. Ni haki yako, wala si utovu wa adabu.

Anza na hatari, historia ije baadaye. Watu wetu tuna desturi ya kuanza na salamu na asili ya jambo, lakini anayeandika upande wa pili anatafuta sentensi moja ya kuamua uharaka. Usiseme "nyumba ni mbaya". Sema: "Maji yanapita kwenye taa ya chumba anacholala mtoto wa miezi saba." Matatizo hupangwa kwa daraja, na yenye hatari kwa uhai hutakiwa kushughulikiwa mapema zaidi. Neno lako la kwanza ndilo linaloamua umewekwa daraja gani.

Kabla ya kukata simu uliza mambo matatu: namba ya kumbukumbu, daraja lililoandikwa, na siku fundi anayotakiwa awe amefika. Mwambie akusomee namba mara mbili. Iandike daftarini.

Hatua ya 4: Siku ikipita, geuza taarifa kuwa malalamiko

Hapa wengi hupotea. Kuripoti bomba na kulalamika ni vitu viwili tofauti. Ukipiga tena kuuliza "fundi yuko wapi?", huenda wakaandika tu kwamba umefuatilia. Sema waziwazi: "Nataka kufungua malalamiko rasmi, kwa sababu taarifa namba fulani haikutekelezwa kwa siku iliyoahidiwa." Utapewa namba ya pili. Kwa mama yule, siku tisa baada ya namba ya kwanza hakuna aliyekuja. Siku nne baada ya malalamiko, mafundi wawili walikuwa mlangoni na ngazi.

Fundi akipaka rangi juu ya ukungu na kuondoka, usikubali kwamba kazi imekwisha. Piga picha ile rangi mbichi, uripoti tena.

Hatua ya 5: Gonga milango ya nje

Halmashauri ya mji ina idara ya afya ya mazingira. Kwa England na Wales, Sheria ya Makazi ya 2004 inawapa maofisa wake mamlaka ya kukagua nyumba yenye hatari. Mlango wa dharura uliofungwa au king'ora cha moto kilichokufa, ita kikosi cha zimamoto bila kusubiri mtu. Mbunge wa eneo lako anaweza kuiandikia Home Office hata kama huna haki ya kupiga kura. Mpelekee ukurasa mmoja wenye namba zako zote. Ukitaka kufika kwa Msuluhishi wa Bunge (Ombudsman), anayechunguza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, ni yeye mbunge atakayekupitisha, baada ya Home Office yenyewe kupewa nafasi ya kujibu.

Wakili ni kwa hali nzito. Wanaume sita waliokaa Napier, kambi ya zamani ya jeshi huko Kent walikowekwa waomba hifadhi, walikwenda Mahakama Kuu, na Juni 2021 jaji akaamua kwamba makazi yale hayakutimiza kiwango cha chini cha kisheria.

Ila usihame kwa hasira. Ukiondoka bila ruhusa unaweza kupoteza nyumba na posho pamoja.

Hatua ya 6: Kwa vikundi, makanisa na misikiti

Mkiwa na namba za kumbukumbu kutoka nyumba kumi kwenye jedwali moja, mna kitu ambacho mtu mmoja hana. Kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000, yeyote anaweza kuiuliza Home Office kwa baruapepe: taarifa ngapi ziliandikishwa katika eneo hili, ngapi zilitekelezwa kwa wakati, mkandarasi alikatwa malipo kiasi gani. Wana siku 20 za kazi kujibu. Wakikataa kwa kisingizio cha siri za biashara, ombeni wapitie upya uamuzi, kisha nendeni kwa Kamishna wa Habari, anayesimamia sheria hiyo. Mkaguzi Mkuu Huru wa Mipaka na Uhamiaji hashughulikii kesi ya mtu mmoja, lakini anapofungua ukaguzi huomba ushahidi, na jedwali lenu ni ushahidi.

Hatua ya 7: Ukihamishwa

Mara nyingi utaambiwa leo, gari kesho. Beba daftari kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo. Mama yule alipohamishwa alinakili namba zote kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Familia ya Eritrea iliyoingia baada yake ilinipigia mwezi uliofuata. Ukungu ulikuwa umerudi, na walikuwa na namba zote mkononi.