Meli ngapi zinatosha? Piga hesabu, alafu waulize wanaojua

Wadau, Arusha bahari hatuna, ila kupanga meli za jeshi ni kama Land Cruiser za safari, usihesabu zilizopaki, hesabu zinazoweza kutoka. Unataka 2 majini muda wote na kila moja inakuwa kazini theluthi tu ya mwaka, zingine ni matengenezo na mazoezi? Basi unahitaji 6. Uingereza tangu 1969 wanaweka nyambizi 1 yenye silaha za nyuklia doria muda wote, na kwa hiyo moja sasa hivi wana nyambizi 4 za aina ya Vanguard!

Alafu makapteni na mafundi waandike makadirio yao ya meli zinazohitajika, kila mtu kivyake kabla ya kikao, maana bosi akitangulia kusema wote wanaitikia tu ndio mzee. Wakipishana sana usikimbilie wastani, uliza kwanini, huenda fundi anajua chelezo (pale meli zinapotengenezewa) imejaa na hesabu yako haina hiyo habari.